Nimetubu, Sasa Nifanye Nini? Mwongozo wa Kuacha Dhambi kwa Kuitaja Jina

Maswali ni yale yale. "Nimeokoka lakini bado narudia dhambi ile ile, je, wokovu wangu ni wa kweli?" "Nikishatubu kwa Mungu, lazima nimwendee niliyemkosea?" "Nitajuaje kama nimesamehewa?" Wanaouliza hivi kwa kawaida wameshahubiriwa vya kutosha. Wanajua dhambi ni mbaya, wameinua mikono ibadani, wamelia. Walichokosa ni maelekezo ya Jumatatu asubuhi, na ndiyo yaliyomo humu.

Mwongozo unamfaa Mkristo wa kanisa lolote. Pale makanisa yanapotofautiana, hasa kwenye kuungama, tofauti imetajwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Biblia, ikiwezekana ya karatasi. Ya kwenye simu inafaa, ila kama simu ndiyo njia dhambi yako inayopitia, iweke chumba kingine saa hiyo.
- Karatasi moja na kalamu. Usitumie daftari la kutunza, kwa sababu karatasi hii utaichana.
- Saa nzima ya faragha.
- Majina mawili au matatu ya Wakristo waliokomaa, wa jinsia yako, wanaojua kutunza siri. Bado usiwaambie chochote.
- Dhambi moja. Anayeamua kuacha kumi kwa siku moja huwa hajaacha hata moja ikifika wiki ya pili. Chagua ile ambayo ukiisoma kwenye orodha unaruka haraka kwenda inayofuata.

Na uelewe jambo moja tu la mafundisho, maana ukilikosa hili hatua zote zitakuchosha bure. Soma Warumi 6. Aya kumi za mwanzo Paulo haamuru kitu. Anaeleza yaliyokwisha kutendeka: Kristo amekufa na kufufuka, nawe umezikwa pamoja naye katika ubatizo. Amri ya kwanza inakuja aya ya 11: jihesabuni kuwa wafu kwa dhambi na walio hai kwa Mungu. Ya 13 ndiyo inayogusa mikono, macho na ulimi. Mpangilio ndio huo. Huachi dhambi ili Mungu akupokee. Amekupokea katika Kristo, ndiyo maana unaiacha. Ukigeuza, utakuwa unalipa deni lililokwisha kulipwa.

Hatua ya 1: Jikabidhi kwa Kristo

Kama hujawahi kumwamini Yesu na kumkiri kuwa Bwana, anzia hapo. Kama ulishaamini, thibitisha tena kwa maneno machache: "Bwana Yesu, mimi ni wako. Dhambi hii siwezi kuiacha kwa nguvu zangu. Naomba Roho wako anisaidie." Inatosha. Huhitaji kuongozwa sala ya toba upya kila Jumapili, na kurudia-rudia kuokoka kunamfanya mtu aishi kama mgeni nyumbani kwa baba yake.

Hatua ya 2: Andika dhambi kwa jina lake

Gawa karatasi sehemu tatu: *dhambi*, *mlango*, *badala yake*. Hatua hii ndiyo watu wengi hulegeza, kisha hushangaa mbona hizo nyingine hazishiki.

Kwenye sehemu ya kwanza, andika kitendo ambacho mtu mwingine angeweza kukishuhudia. "Nina udhaifu" si dhambi. "Sijatulia kiroho" si dhambi. "Namdanganya mke wangu kuhusu mshahara" ni dhambi, ina mtu na ina kitu. Vivyo hivyo usiandike "hasira", andika "nawatukana watoto".

Sehemu ya pili inataka uangalifu zaidi. Kumbuka mara tatu za mwisho ulipoanguka, na kwa kila mara jiulize: ilikuwa saa ngapi, nilikuwa wapi, nilikuwa na nani au peke yangu, na dakika kumi kabla ya hapo nilikuwa najisikiaje? Yakobo 1:14-15 anaeleza safari yenyewe: mtu huvutwa na tamaa yake, tamaa ikichukua mimba huzaa dhambi. Ukiangalia hizo mara tatu utaona zinafanana. Kwa yule wa mshahara mlango unaweza kuwa siku ya malipo, jioni, baada ya kukumbuka deni ambalo mkewe halijui. Kumbe kinachouzaa uongo kila mwezi ni deni la siri, na bila kuligusa deni, ahadi ya kutosema uongo haitafika mbali.

Sehemu ya tatu iache wazi mpaka hatua ya 7.

Onyo: usiandike dhambi za wengine. Sentensi ikianza na "kwa sababu yeye", ifute.

Ukishindwa kuchagua, pitia Wagalatia 5:19-21. Wengi hukimbilia uasherati na ulevi, lakini zaidi ya nusu ya orodha hiyo ni mambo kama uadui, ugomvi, wivu, fitina na husuda, ambayo kanisani mtu anaweza kuyabeba miaka ishirini bila kuulizwa.

Hatua ya 3: Iungame mbele za Mungu

Soma Zaburi 51 yote, aya 19, kwa sauti ya kusikika na masikio yako. Halafu ungama ulichoandika, kwa maneno yale yale, bila kukirembesha. Sala isiyo na jina la dhambi ("nisamehe makosa yangu yote") inafaa mwishoni mwa siku, ila kwa kazi hii haitoshi. Kisha soma 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Shukuru, funga sala.

Mkatoliki na Mworthodoksi ataendelea mpaka kwenye sakramenti ya kitubio mbele ya padre, na karatasi hii itamsaidia kujitayarisha. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti maungamo ni kwa Mungu moja kwa moja, lakini hata huko hatua ya 5 haikwepeki.

Usiyapime maungamo kwa machozi. Katika 2 Wakorintho 7:10 Paulo anatofautisha huzuni ya aina mbili, na zote zinaweza kuliza. Petro na Yuda wote waliumia baada ya kukamatwa kwa Yesu. Mmoja alirudi kwa Bwana, mwingine akaenda kujinyonga. Angalia huzuni yako inakupeleka wapi.

Hatua ya 4: Funga mlango ndani ya saa 24

Rudi kwenye sehemu ya pili ya karatasi. Warumi 13:14 inasema: "Bali mvaeni Bwana Yesu Kristo, wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake." Chochote kinachoilisha tamaa kiondoke leo, kabla moto wa ibada haujapoa.

- Namba ya mtu mnayetenda naye dhambi: ifute, na uizuie. Ujumbe wa kuaga usiwe mrefu. "Nimemrudia Mungu, uhusiano wetu umeisha, tafadhali usinitafute." Usiende kuaga ana kwa ana. Huko ndiko wengi walikoangukia.
- Picha na video chafu: zifute pamoja na nakala za akiba, kisha weka kizuizi ambacho nywila yake anayo mtu mwingine.
- Kamari: omba akaunti ifungwe kabisa. Kuondoa programu peke yake hakufai, kwa kuwa inarudishwa kwa dakika moja.
- Hirizi na vifaa vya uganga: viharibu, usimpe wala kumwuzia mtu. Waamini wa Efeso walichoma vitabu vyao vya uganga hadharani, na thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande elfu hamsini vya fedha (Matendo 19:19). Hasara ile waliibeba wenyewe.
- Deni la siri, akaunti ya siri, laini ya pili ya simu: vyote ni milango.

Onyo la afya: kama umekuwa ukinywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege, na watu hufa kwa hilo. Nenda hospitali kwanza, useme ukweli wa kiasi unachokunywa. Kutumia dawa ulizoandikiwa hakupunguzi imani.

Hatua ya 5: Mwambie mtu mmoja

Yakobo 5:16 inaagiza kuungamiana na kuombeana. Chukua yale majina mawili au matatu, ubakize moja. Sifa za huyo mtu: hashiriki dhambi hiyo, hakuogopi, haishi kwa kukutegemea, na hujawahi kumsikia akikusimulia siri za mwenzake. Ukishamsikia hata mara moja, mpite.

Mwombe mambo matatu tu: asikilize mpaka mwisho, aombe nawe, na akuulize mara moja kwa wiki, siku na saa mliyokubaliana, "Wiki hii umefanya?" Swali liwe la wazi, lenye jibu la ndiyo au hapana. "Unaendeleaje kiroho?" ni swali linalojibiwa "Namshukuru Mungu", na mazungumzo yanaishia hapo.

Kosa la kawaida ni kuungama kwenye kundi la ujumbe au kutoa ushuhuda madhabahuni wiki ile ile. Duara la maungamo lifuate duara la dhambi: ya siri kwa Mungu na kwa huyo mmoja, iliyomwumiza mtu, kwa mtu huyo pia, iliyotendwa mbele ya watu wote, mbele yao. Ushuhuda usubiri.

Hatua ya 6: Rekebisha ulichoharibu

Hapa ndipo toba nyingi hukwama, maana hatua hii ina gharama. Yesu anasema, katika Mathayo 5:23-24, uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende ukapatane kwanza na ndugu yako.

Kiasi cha kurudisha kina kipimo chake katika Torati. Aliyejisalimisha na kuungama alirudisha kitu chote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Mwizi aliyekamatwa, mnyama aliyemwiba akiwa bado hai, alilipa mara mbili. Kama ameshamchinja au kumwuza, kondoo alilipiwa wanne na ng'ombe watano (Kutoka 22:1, 4). Zakayo hakukamatwa na mtu, ila alijipangia mara nne, juu ya nusu ya mali aliyowapa maskini (Luka 19:8). Mkristo hafungwi na hesabu hizo kama sheria ya mahakama, lakini ukitafuta mahali pa kuanzia, yote pamoja na sehemu ya tano ni kipimo kizuri.

Fanya hivi:

1. Andika nani, nini, kiasi gani. Kama hukumbuki kiasi, kadiria kwa kuzidisha.
2. Nenda mwenyewe, au piga simu. Ujumbe wa maandishi uwe njia ya mwisho.
3. Sema kosa bila sababu zake: "Nilichukua pesa kwenye droo ya duka lako. Nilikosa. Hizi hapa, na nyongeza. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. "Samahani kama nilikukwaza" si kuomba radhi. Neno *kama* linamrudishia yeye kesi.
4. Huna pesa yote? Peleka kiasi ulichonacho na tarehe za kumalizia, kwa maandishi.
5. Amefariki? Warithi wake. Torati ilitazamia hata hili: asipokuwapo jamaa wa kupokea, malipo yalikwenda kwa Bwana, mikononi mwa kuhani (Hesabu 5:8). Leo yapeleke kwa wahitaji au kanisani, bila kutangaza jina lako.

Tahadhari nne, na zisome kabla hujatoka nyumbani.

Mawazo ambayo hayakuzaa kitendo usiyapeleke kwa mhusika. Kumwambia dada wa kwaya kwamba umekuwa ukimtamani kunakushusha mzigo wewe na kumtwisha yeye.

Uzinzi ndani ya ndoa usiungamwe ghafla usiku mmoja baada ya mahubiri. Zungumza kwanza na mchungaji, padre au mshauri wa ndoa juu ya namna na wakati, bila kuutumia ushauri huo kama njia ya kuahirisha milele. Kama kuna uwezekano wa maambukizi, pimeni, na mwenzako asiwekwe hatarini hata siku moja wakati unajipanga.

Ikiwa uliyemwumiza anakuogopa au amekataza usimkaribie, usimwendee. Pitia kwa mtu mwingine, au uache.

Na makosa ya jinai, zaidi ya yote yaliyomgusa mtoto, hayamalizwi kwa maombi ofisini kwa mchungaji. Msamaha wa Mungu haufuti wajibu mbele ya sheria. Kanisa linaloficha jambo kama hilo linamwacha mtoto mwingine hatarini.

Hatua ya 7: Jaza nafasi iliyobaki

Sasa sehemu ya tatu ya karatasi. Yesu alieleza habari za pepo aliyemtoka mtu, akarudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaja na wengine saba walio waovu kuliko yeye (Mathayo 12:43-45). Nyumba ilikuwa safi, ila haikuwa na mtu ndani.

Waefeso 4:22-32 inafundisha kuvua na kuvaa, na kila kinachovuliwa kina mwenzake wa kuvaliwa. Angalia aya ya 28: "Mwibaji asiibe tena, bali afadhali afanye juhudi, akitenda kazi iliyo nzuri kwa mikono yake mwenyewe, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji." Asiibe, afanye kazi, agawe. Mkono uliokuwa unachukua ndio huo huo sasa unatoa, na hapo ndipo unapoweza kusema mwizi amekwisha. Uongo unapewa kusema kweli na jirani (25), maneno mabaya yanapewa maneno ya kujenga (29), uchungu na makelele vinapewa wema na kusamehe (31-32).

Andika badala moja iliyo kinyume kamili cha dhambi yako, yenye siku na saa. Yule wa mshahara: "Kila siku ya malipo, kabla ya chakula cha jioni, nitamwonyesha mke wangu taarifa ya benki." Anayesengenya: "Nitakayemsengenya nitamsifu kwa jambo moja la kweli mbele ya walionisikia." Ukiandika "nitaomba zaidi" hujaandika kitu.

Kwa Neno, mwezi wa kwanza fuata mpango huu mwepesi, sura moja kwa siku: Marko (16), Waefeso (6), Wakolosai (4), 1 Yohana (5). Jumla 31. Ukikosa siku, usisome mbili kesho yake; endelea ulipoishia. Ibada ya pamoja usiikose, hata wiki uliyoanguka, tena hasa wiki hiyo.

Hatua ya 8: Jipange kwa jaribu kabla halijafika

Yesu nyikani alimjibu Ibilisi mara tatu, na majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Yalikuwa tayari moyoni mwake. Nawe chagua aya tatu zinazogusa dhambi yako, uzikariri kwa wiki tatu, moja kila wiki.

Jaribu likija, ondoka kwanza, omba ukiwa njiani. Kubaki ndani ya chumba kile kile, saa ile ile, simu mkononi, huku ukikemea, ni kosa linalorudiwa mno. Yusufu hakumfanyia mke wa Potifa maombi. Alikimbia, vazi likabaki (Mwanzo 39:12). Ukishatoka, mpigie yule mtu wa hatua ya 5, hata kama huna la kusema zaidi ya "niko hapa". Yale matamanio makali, usipoyalisha, hupoa.

Baada ya mwezi, kama umeshayaishi yaliyomo, chana karatasi.

Mambo yakienda kombo

*Nimeanguka tena.* Ungama siku hiyo hiyo, usisubiri Jumapili. Mwambie mtu wako ndani ya saa 24. Kisha rudi sehemu ya pili uangalie: mlango upi ulibaki wazi, au upi mpya umepatikana? 1 Yohana 2:1 inasema lengo ni tusitende dhambi, na papo hapo kwamba mtu akitenda, tunaye mwombezi kwa Baba. Usijiwekee adhabu ya kutosali siku tatu mpaka "usafike".

*Sisikii chochote, kama sijasamehewa.* Msamaha umesimama juu ya uaminifu wa Mungu, wala 1 Yohana 1:9 haitaji hisia. Ila kagua hatua ya 6: dhamiri inayosumbua wakati mwingine inakumbusha deni ambalo bado liko mfukoni mwako.

*Mawazo machafu yanakuja yenyewe.* Kujaribiwa si dhambi, Yesu alijaribiwa. Wazo lililopita na wazo ulilolikaribisha likae ni mambo mawili. Usipambane nalo kwa kulifikiria. Simama, fanya kazi ya mikono, sema aya yako kwa sauti.

*Naogopa nimemkufuru Roho Mtakatifu.* Katika Mathayo 12 Yesu aliwaambia hayo Mafarisayo waliokuwa wakiona kazi ya Mungu kwa macho yao na kuiita ya Beelzebuli, mkuu wa pepo. Mtu anayelala akilia kwa hofu kwamba amemkosea Mungu hayuko kwenye hali hiyo. Hofu ikikukosesha usingizi na chakula kwa wiki kadhaa, muone mchungaji na daktari pia.

*Marafiki wananicheka.* Watacheka. 1 Petro 4:4 inasema wanashangaa kwamba hukimbii pamoja nao, na wanakutukana. Huna haja ya kuwahubiria wiki ya kwanza. Kataa mwaliko kwa kifupi, uwe na mahali pengine pa kwenda saa hiyo.

*Nimeomba radhi, amekataa kunisamehe.* Warumi 12:18 inakudai upande wako tu. Usimpigie tena na tena wala usitume watu wamshawishi; hilo linageuka kuwa usumbufu mpya. Deni lake endelea kulilipa kwa tarehe ulizoandika, hata kama hapokei simu zako.